Mama Aliyeganda Kwenye Kioo

...kwa hiyo mama akabaki vilevile, mdomo wazi, sindano ya kufumia ikiwa hewani, shavu moja limehamia karibu na sikio, na nusu ya mtangazaji imegeuka vibox vya kijani. Juzi nilipoandika nilikatisha hapo. Nilikuwa na hasira, na sikutaka kuandika jambo baya juu ya chombo ambacho mume wangu anakipenda.

Leo Jumamosi, mchana. Manyunyu tangu alfajiri. Kariakoo ikinyeshewa hupunguza sauti kidogo, kama mtu aliyeambiwa kuna mgonjwa ndani. Wauza mitumba wamefunika meza zao kwa nailoni, na kutoka hapa dirishani, ghorofa ya tatu, naona miamvuli tu ikipishana. Nina chai ya tangawizi. Moyo wangu umejaa mpaka naogopa kuinama, usije ukamwagika.

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa yangu. Bado nazihesabu.

Kwa wanaofika hapa leo kwa mara ya kwanza: mume wangu anaitwa Athumani. Nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu kama mwehu. Ametoka Lindi, ni fundi, ana meza yake ya kutengenezea redio na simu mtaa wa pili kutoka hapa. Kabla hatujaoana aliokota kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, akaifumua, akaifunga upya, akaiita seva. Juu ya paa ameweka antena. Waya unashuka kutoka kwenye antena, unapita dirishani, unaingia kwenye kidude kidogo kama flashi kilichochomekwa kwenye hiyo seva. Seva inakamata matangazo ya dijitali yanayopita hewani, inayahifadhi ukitaka, na inayagawa nyumba nzima kwa waifai.

Nyumba nzima ni chumba, sebule na jiko dogo. Lakini bado.

Hatuna king'amuzi. Athumani anasema fundi gani anunue king'amuzi wakati hewa yote imejaa picha? Alivyonieleza mara ya kwanza nilisahau kupumua. Nilisoma mpaka kidato cha nne, mambo ya mawimbi tulifundishwa, ila mwalimu wetu hakusema kwamba ukisimama jikoni unakaanga samaki kuna watu wanapita katikati yako wakiimba na kusoma habari, na kwamba anaweza kutokea mwanamume mmoja akawaomba wasimame kidogo, waingie kwenye simu yako, ili usiwe mpweke mpaka atakaporudi. Ndivyo alivyofanya. Naosha vyombo, simu imeegemea kopo la chumvi, stesheni zote za mjini ziko humo. Wengine hupewa maua.

Sasa, mama.

Mama yangu anakaa Kigamboni. Anafuma vitambaa: vya makochi, vya meza, vya televisheni, vya friji. Wiki iliyopita kikundi chao cha akina mama kilipanga kazi zao viwanja vya Mnazi Mmoja, na watu wa stesheni moja ya binafsi wakaja na kamera. Wakamhoji mama. Kipindi kinaonyeshwa Alhamisi saa kumi alasiri, kinarudiwa Jumamosi saa nne asubuhi, halafu basi, hakionekani tena.

Mama mwenyewe hawezi kujiona. Televisheni yake ni ile ya mgongo mrefu. Tangu matangazo ya zamani yalipozimwa imekuwa kabati tu, imefunikwa kitambaa cheupe, juu yake kuna picha ya marehemu baba. Kwenda kwa jirani kujitazama hataki, anasema ataonekana anajisikia. Kwa hiyo nilimwahidi kwamba seva yetu itamhifadhi, na siku nikienda kwake nitamletea.

Siku nikienda. Hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Kwetu binti akishaolewa hapigi hodi kwao mpaka mama yake amwite. Wengine huitwa baada ya siku saba, wengine arobaini. Nikienda Feri kununua samaki naiona Kigamboni ile pale, pantoni inakwenda na kurudi, watu wanavuka na kuku na baiskeli zao, na mimi nasimama na kikapu changu kama mgeni asiye na ruhusa. Siku ishirini na tatu na mama hajaniita.

Nitakiri hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliogopa kwamba hataniita. Mama hakukataa ndoa yangu, alipika, alipokea wageni, alicheza hata ngoma. Ila hajawahi kumwita Athumani mkwe. Kwake ni "huyo mwenzio". Huyo mwenzio anakula pilipili? Huyo mwenzio kwao ni Lindi ya wapi hasa? Alitaka kijana ambaye yeye anamjua mpaka bibi yake. Athumani alikuja mjini na begi moja na kisanduku cha bisibisi.

Basi Alhamisi saa kumi tukakaa sebuleni, bega kwa bega. Athumani alifunga kazi mapema. Kipindi kikaanza vizuri kabisa, picha safi kama maji. Mama akatokea na kilemba chake cha zambarau, akaeleza nyuzi, akaeleza mitindo. Mtangazaji akamuuliza kazi gani anaipenda kuliko zote. Mama akainua sindano, akatazama kamera, akasema, "Ile niliyomfumia mwanangu Mwajuma. Na hapa nasema hadharani, Mwajuma na—"

Akaganda.

Vibox. Sauti ikakwaruza kama mtu anatafuna vioo. Iliporudi palikuwa na tangazo la sabuni. Na kwenye seva kilichohifadhiwa kilikuwa hivyohivyo, maana seva huhifadhi kile inachokamata.

Nilimpigia mama papo hapo.

"Umeniona?" akauliza.

"Nimekuona mama, umependeza. Ila uliganda."

"Niligandaje? Mimi niliongea kama chiriku."

"Picha ilikatika ulipotaja jina langu. Ulisema nini?"

Nikamsikia akihesabu mishono yake. Namjua mama, akihesabu hivyo ananikwepa.

"Mambo ya kusema mara moja mimi sisemi mara mbili," akasema. "Jumamosi wanarudia. Kama hutasikia, shauri yako na huyo mwenzio na mitambo yenu." Akakata.

Mwajuma na. Na nani? Na nini? Nililala na hilo "na" kama punje ya mchanga kwenye shuka.

Tulikuwa na siku moja na nusu.

Ijumaa Athumani hakwenda kazini kabla ya saa sita. Alipanda paa mara nne. Alibadilisha waya, akakata vichwa vyake na kuvifunga upya, akageuza antena kidogo kushoto, akarudisha. Alilaumu jengo jipya mbele yetu, ambalo kila wiki linaongezeka ghorofa na nondo zake zimesimama kama nywele zilizoshtuka. Alitafuta stesheni upya, mara mbili. Alizima seva, akaiwasha. Na kila akiiwasha picha inakuwa nzuri, tunashangilia, dakika kumi hivi, halafu mtu kwenye kioo anaanza kupoteza pua.

Ufunguo wa paa unakaa kwa Mama Kirti wa ghorofa ya juu, mama wa Kihindi ambaye huanika papadi zake, zile chapati nyembamba za dengu, huko juu jua likiwaka. Alimpokea Athumani mara ya nne kwa sauti iliyofika mpaka kwetu:

"Wewe bwana harusi! Mwezi haujaisha, umeshahamia juu ya paa? Mke umemwachia nani?"

"Natafuta mawimbi, mama."

"Mawimbi yako chini, baba, yanapika! Na ukikanyaga papadi zangu utazila zote, na vumbi lake."

Alirudi amelowa jasho, goti limechubuka. Nikamfuta uso kwa kanga yangu. Nilitaka kulia kwa jinsi nilivyompenda.

Tena akafanya jambo lililonimaliza kabisa. Alitoka, akarudi na feni ndogo ya mezani. Hakusema kitu, akaiweka kwenye kigoda, akaiwasha, akaenda kazini. Mimi nikasema moyoni, mtazame, katikati ya shida zote ameona mke wake anasikia joto. Nikavuta mkeka, nikakaa mbele ya feni ile alasiri nzima, nywele zinapepea, najisikia kama malkia. Hata nilianza kuandika hapa maneno matamu kuhusu feni. Nashukuru sikuyachapisha.

Alasiri hiyohiyo nilikanda unga wa maandazi. Hapa naomba mnisome taratibu, maana naona aibu.

Mwili wa seva ni sanduku la chuma, jeusi, lina mikwaruzo, na limekaa kwenye meza katikati ya sebule yangu mpya. Mama alinipa vitambaa kumi na viwili siku ya harusi. Kochi nililifunika, meza niliifunika, redio niliifunika. Kile kikubwa kuliko vyote, cheupe, chenye nyota nane na marinda pembeni, nilimvika seva. Kilimfaa kama kanzu! Kilishuka pande zote mpaka mezani, hata kile kidude cha kukamata matangazo kikafichwa ndani. Kila mgeni aliyeingia alisifia. Na baada ya siku chache niligundua uzuri mwingine: juu yake pana vuguvugu. Ukiweka bakuli la unga hapo, nusu saa tu umeshaumuka. Wiki nzima nimekuwa nikiumulia maandazi juu ya seva na kumwambia Athumani kwamba nina mkono wa baraka.

Mama Kirti alishuka na sahani ya ladu, vile vitamu vya Kihindi, kusudi aone kama bwana harusi hajavunjika mguu. Akaona bakuli.

"Mwajuma, huu unga umekanda saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, mama. Hapo pana joto zuri."

Akasogeza bakuli, akainua pembe ya kitambaa, akaingiza mkono. Akautoa haraka.

"Joto zuri? Binti, huyu ana homa!"

Tukacheka. Mimi nilicheka sana. Halafu kicheko kikaniishia njiani.

Seva ikiwa baridi, inacheza. Baada ya dakika kumi, ikishapata moto, inaanza kugandisha watu. Nikainuka mkekani, na nilipoinuka upepo wa feni ukanipita, ukaenda moja kwa moja kupeperusha marinda ya kitambaa. Feni haikuwa yangu. Feni ilikuwa ya seva, na mimi nilikuwa nimeikalia mbele tangu saa saba.

Mama Kirti aliniona uso, akanipigapiga bega, akaniachia ladu zote.

Nilikaa nikimsubiri mume wangu huku nikipanga maneno. Ningesemaje? Kwamba umepanda paa mara nne, umechubuka goti, na aliyekuwa akimpikia unga mgonjwa wako ni mimi? Kwamba sauti ya mama yangu niliiziba mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kitambaa chake? Nilifikiria hata kukivua kimyakimya na kumwacha aamini kwamba ni waya mpya uliosaidia. Naandika hilo kwa sababu niliahidi kusema kweli hapa.

Aliporudi, jua halijazama, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Unga, kitambaa, feni, yote.

Hakushtuka. Ndicho kilichonishangaza. Alitazama vidole vyake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi ileile. Niliingiza mkono chini yake nikajua."

"Sasa paa ulipanda kufanya nini?"

Akajikuna kichwa. Mwanamume mzima, fundi anayeheshimika mtaani, akajikuna kichwa kama mwanafunzi.

"Mwajuma, kile ni kitambaa cha mama mkwe. Kwetu mtu havui kitu alichofunika mama mkwe. Ni kama umemvua ushungi mbele za watu. Nilisema labda nikipata mawimbi mazuri zaidi, seva itavumilia."

Nilimtazama. Sijui nimtazame mara ngapi.

"Na mimi je? Si ungeniambia nikivue mimi?"

"Ningekuambia nini? Kazi ya mama yako inaharibu kazi yangu? Na yeye hata jina langu hajalizoea?"

Kumbe na yeye alikuwa anajua. Siku zote nilidhani nimemficha vizuri. Nilidhani "huyo mwenzio" analichukulia kama mzaha wa wakwe. Anasikia kila kitu, mume wangu, na anapanda paa.

Nikakivua mimi. Na mnajua alifanya nini? Alinigeuzia mgongo mpaka nikamaliza kukikunja.

Ndani ya seva, feni yake ndogo ilikuwa imevaa koti la nyuzi nyeupe, nyuzi za mama, laini kama pamba ya kwenye mto. Athumani alizitoa kwa brashi ya rangi, taratibu, na sikumwona akitupa hata moja. Alizikusanya kwenye karatasi. Kile kidude cha kukamata matangazo alikiunganisha kwa waya mfupi kikae nje, peke yake, kipate hewa. Tukaiwasha. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Msoma habari akamaliza habari zake zote na pua yake mahali pake.

Kisha leo asubuhi, mvua.

Niliamka na kusikia matone dirishani, nikamtikisa Athumani. Athumani akasema manyunyu hayana nguvu ya kuzuia kitu, lakini nilimwona anatazama juu kila baada ya dakika. Saa tatu na nusu Mama Kirti alishuka na kiti chake mwenyewe. Dishi lake linaleta stesheni za India tu, na alisema baada ya kelele zote za paani ana haki ya kuona mwisho. Feni ilielekezwa kwa seva na nilikatazwa kuikaribia.

Saa nne. Muziki wa kipindi. Mama na kilemba cha zambarau. Nyuzi. Mitindo. Athumani alikuwa ameshika mkono wangu, au mimi ndiye niliyeushika wake, vidole vilikuwa vya baridi vyote. Mtangazaji akauliza. Mama akainua sindano.

"Ile niliyomfumia mwanangu Mwajuma," akasema. "Na hapa nasema hadharani, Mwajuma na mkwe wangu Athumani, nawaita. Mje kabla mwezi haujaisha. Na mje na kile kitambaa cha nyota nane, kuna nyota moja nimeruka mstari, hainipi usingizi. Nataka nikirekebishe mkiwa mmekaa mbele yangu."

Mtangazaji akacheka. Mama hakucheka, alitikisa kichwa kuonyesha amemaliza, akarudi kwenye nyuzi zake.

Hakuna kibox hata kimoja.

Mama Kirti alipiga makofi. Mimi nililia bila aibu. Athumani aliinuka, akaenda kusimama dirishani kuangalia mvua, na kwa mgongo wake tu nilijua. Halafu akarudi, akarudisha picha nyuma kidogo, akasikiliza tena sehemu ile. Mkwe wangu Athumani. Akarudisha tena. Mama Kirti akamwambia, "Basi, baba, mama mkwe atachoka," ndipo akaacha.

Nimekitandaza kitambaa kitandani. Nimezihesabu nyota zote. Ni kweli, ile ya tano ina mstari umepungua, nisingeona maisha yangu yote. Sijui kama aliikosea kweli au aliiacha makusudi ili pawe na sababu. Sitamuuliza. Nitakipeleka hivyohivyo, na zile nyuzi za kwenye karatasi nitazipeleka pia.

Nimeshampigia simu. Nikamwambia, "Mama, nimesikia." Akajibu, "Haya," halafu akauliza, "Athumani anakula pilipili?" Nikasema anakula. Akakata. Mama yangu!

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, mwezi ukiwa haujaisha, tutapanda pantoni. Mimi nitabeba kitambaa na maandazi yaliyoumuliwa juani kama ya watu wengine. Athumani atabeba kompyuta yake ndogo yenye sura ya mama ndani, nzima, isiyoganda. Anataka kuiweka juu ya ile televisheni ya mgongo mrefu, mama ajitazame pale alipozoea kutazama. Lakini pale pana kitambaa cheupe, na sasa hivi, nikiandika, namsikia chumbani anajaribu maneno polepole: "Shikamoo mama. Naomba ruhusa nikisogeze kidogo."

Anarudia tena, kwa sauti ya chini zaidi. Tunakuja, mama.